Je, Wajua? Makosa Yalichapwa kwa Herufi Nzuri

Kompyuta hutenganisha majibu na malalamiko kwa sababu ya mashine ya uchapaji! Miaka ya 1970, katika maabara za Bell, Marekani, watumiaji wa mfumo wa kompyuta wa Unix walituma kurasa kwenye mashine ya kupanga herufi kwa mwanga. Wakasubiri makala. Ikatoka karatasi ghali yenye ujumbe wa kosa, umepangwa vizuri kabisa. Ndipo makosa yakapewa mkondo wao.

Mikondo ina namba: 0 huingiza, 1 hutoa matokeo, 2 hutoa makosa. Mfano wa mstari mmoja wa amri ls, inayoorodhesha yaliyomo kwenye folda, unatosha. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) ana folda ya Dodoma na ya Singida, ila jina la pili amelikosea:

ls Dodoma Singda > sawa.txt 2> kosa.txt

Mshale usio na namba hubeba mkondo wa 1, hivyo orodha ya Dodoma huenda sawa.txt. Lalamiko la "Singda" huenda kosa.txt. Kioo hakioneshi kitu.

Ukiacha nafasi kati ya 2 na >, ls itatafuta folda iitwayo 2!

Na 2> /dev/null? Hutupa ujumbe tu. Kosa lipo palepale. Usome ujumbe kwanza, ndipo uutupe.