Viziwi Walivyoiokoa Lugha Yao

Kidole kimoja hakivunji chawa. Ukweli wa methali hii ulidhihirika katika mji wa Cincinnati, Marekani, mwezi wa Agosti 1880, viziwi wa sehemu mbalimbali za nchi walipokutana wakaunda Chama cha Taifa cha Viziwi. Rais wao wa kwanza, Robert McGregor, alikuwa kiziwi na mwalimu.

Mwezi uliofuata, walimu wa viziwi walifanya mkutano wao mjini Milan, Italia. Karibu wote walikuwa watu wenye kusikia. Walikata shauri kwamba mtoto kiziwi afundishwe kusema kwa kinywa na kutazama midomo ya msemaji, wala si kwa ishara za mikono. Tangu hapo shule nyingi za Ulaya na Marekani ziliziondoa ishara darasani. Walimu viziwi walipoteza kazi, na watoto walishinda wakifunzwa sauti wasizoweza kuzisikia, huku masomo mengine yakizorota.

George Veditz, ambaye alipoteza kusikia akiwa na umri wa miaka minane, alichaguliwa kuwa rais wa chama mwaka wa 1904. Yeye aliona hatari iliyokuwapo. Lugha ya ishara haikuwa na maandishi. Wazee walioijua vyema wakifa, ingezikwa pamoja nao. Wakati huo senema ilikuwa jambo jipya. Wanachama wakachanga dola 5,000, na kuanzia mwaka wa 1910 mabingwa wa lugha hiyo walipigwa picha wakihutubia kwa mikono. Hotuba ya Veditz mwenyewe, ya mwaka wa 1913, iliingizwa mwaka wa 2010 katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa na taifa la Marekani.

Hata hivyo chama hicho kilikuwa na doa. Hadi mwaka wa 1965 kilikataa kuwapokea viziwi weusi. Walioujua uchungu wa kufungiwa mlango waliwafungia wenzao.

Mwaka wa 2010, walimu wa viziwi waliokutana Vancouver, Kanada, walitangaza majuto kwa uamuzi wa Milan. Mwaka huo huo Katiba mpya ya Kenya iliifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Mikono iliyoondolewa darasani sasa ina haki ya kusema mbele ya watunga sheria.