Jicho Likitulia, Kichupa Kisitupwe

Upasuaji wa mtoto wa jicho kwa kawaida hauchukui hata nusu saa. Kazi inayobaki ni ya kichupa cha matone, na aghalabu huendelea kwa wiki nne hivi.

Daktari akishatoa lenzi yenye ukungu na kuweka ya bandia, jicho huvimba kwa ndani. Mwili huzalisha kemikali ziitwazo prostaglandini, zinazochochea wekundu na maumivu. Uvimbe usipodhibitiwa, maji huweza kujikusanya katikati ya retina, na mtu aliyeona vizuri wiki ya kwanza akaanza kuona ukungu wiki ya tano. Anayeacha dawa siku ya sita kwa kuwa jicho haliumi tena anajiponza.

Matone ya kutuliza uvimbe huo ni ya aina mbili. Steroidi, kama prednisoloni na deksamethasoni, huzima uvimbe kwa nguvu, na dozi yake hupunguzwa kidogo kidogo. Ketorolaki na diklofenaki ni ndugu wa aspirini: huzuia prostaglandini, jambo ambalo mwanasayansi John Vane aliligundua kuhusu aspirini mwaka 1971 na lililompatia Tuzo ya Nobeli mwaka 1982.

Prednisoloni ya matone mara nyingi ni unga usioyeyuka, hivyo hutuama chini. Asiyetikisa kichupa hudondosha karibu maji matupu. Tone moja latosha. La pili huishia shavuni. Kama kuna dawa nyingine, mgonjwa husubiri dakika tano ndipo aiweke.

Balaa lipo kwenye steroidi inayonunuliwa dukani bila cheti. Mtoto mwenye mzio hufikicha macho usiku kucha, mama anapewa kichupa, na baada ya siku mbili muwasho umekwisha. Nani asingenunua kingine? Miezi ikipita, presha ya jicho huweza kupanda bila maumivu yoyote na kuua mshipa wa fahamu wa jicho. Hiyo ndiyo glakoma, na uoni uliopotea haurudi. Lenzi nayo huweza kuingia ukungu. Ajabu iliyoje, dawa ya baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho kuleta mtoto wa jicho!

Mkulima aliyechomwa jichoni na jani la mahindi yuko hatarini zaidi. Kidonda chake kikiwa cha fangasi, steroidi huondoa wekundu huku fangasi wakizidi kutafuna kioo cha jicho. Kwa sababu hiyo daktari hukagua kidonda kwa darubini kwanza, na mwenye kutumia steroidi muda mrefu hupimwa presha ya jicho, kipimo cha dakika chache tu.