Kasa mwenye sumu hatambuliki kwa macho, hata ya mtaalamu

Machi 2024, watoto wanane na mwanamke mmoja walifariki dunia Kisiwa Panza, Pemba, baada ya kula nyama ya kasa. Wengine 78 walilazwa hospitali. Mwanamke huyo alikuwa mama wa mmoja wa watoto waliotangulia kufariki. Kabla ya hapo, Novemba 2021, watu saba walifariki Pemba hiyohiyo kwa kitoweo hichohicho, akiwamo mtoto wa miaka mitatu.

Kila msiba wa aina hii huacha swali. Wataalamu wa ikolojia ya bahari wapo, wanapima na kuhesabu viumbe ufukweni na kwenye kina kirefu. Kwa nini wasiwaambie watu ni kasa yupi ana sumu?

Hawawezi, na ukiifahamu kazi yao utaelewa kwa nini.

Kazi hiyo huanza alfajiri, kabla jua na nyayo za watu hazijafuta alama mchangani. Kasa kijani hujisukuma kwa makasia yote mawili kwa pamoja, hivyo huacha njia pana, karibu mita moja, yenye alama zinazolingana kushoto na kulia. Ng'amba hutembea kwa kupishanisha, na njia yake ni nyembamba. Mpimaji mzoefu hujua nani alipanda usiku bila kumwona mnyama mwenyewe.

Bamvua likifika na maji yakakupwa sana, wanahamia kwenye nyasi za bahari, malisho ya kasa kijani. Hutandika utepe wa mita 50, na kila baada ya mita tano huweka fremu ya nusu mita kwa nusu mita. Ndani yake hukadiria nyasi zimefunika asilimia ngapi, ni za aina gani, na zimeotewa na mwani kiasi gani. Inaonekana rahisi hadi ujaribu. Watu wawili wakiangalia fremu moja, mmoja atasema 40, mwingine 60. Ndiyo maana hufanyishwa mazoezi kwa picha za mfano mpaka macho yao yakaribiane.

Penye kina, wapiga mbizi hukata majani, huyatia kwenye chupa ya maji ya bahari na kuyatikisa. Kinachobanduka huchujwa na kuangaliwa kwa hadubini. Hapo ndipo huonekana vijimea vidogo sana visivyoonekana kwa macho, ambavyo baadhi hutengeneza sumu. Wanasayansi wanaamini kasa huila sumu hiyo pamoja na malisho, ikajikusanya mwilini mwake bila yeye kuugua.

Lakini kasa haishi kwenye fremu. Husafiri mamia ya kilomita kati ya malisho na ufukwe wa kutagia. Aliyenaswa Pemba leo huenda alikuwa akila pwani nyingine kabisa. Nyasi safi za hapa hazisemi lolote kuhusu nyama yake, na hakuna kipimo cha haraka cha kutumia dikoni kabla ya kumchinja.

Jikoni nako hakuna njia. Kuchemsha, kukaanga au kukausha hakuiondoi sumu hiyo. Kuonja kidogo na kusubiri ni kujidanganya, kwa kuwa dalili zinaweza kuanza baada ya saa chache au zikachelewa siku kadhaa, wakati sufuria imeshaisha. Watoto ndio huathirika zaidi. Yameripotiwa pia matukio ya watoto wachanga kudhurika kupitia maziwa ya mama aliyekula nyama hiyo, hata pale mama mwenyewe alipoonekana mzima. Hili wazazi wengi hawajalisikia.

Dalili ni kuwashwa au kuungua mdomoni na kooni, vidonda mdomoni, kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo, kuharisha na kizunguzungu. Mtoto anayesinzia isivyo kawaida yuko katika hatari kubwa. Dawa ya kuiondoa sumu hii haipo. Hospitali humsaidia mgonjwa kwa maji ya mishipani, oksijeni na uangalizi wa karibu, hivyo kuwahi ndiko kunakompa nafasi. Wote waliokula chungu kimoja waende, hata wasiojisikia vibaya.

Kumvua kasa ni kosa kisheria, Bara na Visiwani, na mzazi anaweza kusita kusema ukweli mbele ya daktari. Asisite. Neno "kasa" lisemwe mapokezini, kabla mtoto hajaanza kutibiwa kama mwenye malaria au kipindupindu. Nyama iliyobaki ifungwe kwenye mfuko na ipelekwe, pamoja na maelezo ya siku na mahali kasa aliponaswa. Kwa maelezo hayo, wapimaji wanajua pa kuanzia na tepe zao na chupa zao.