Mohanthali na Nyuzi za Shira

Diwali huangukia giza la mwezi, katika Oktoba au Novemba, na kwa watu wa Gujarati mwaka wao mpya hufuata mara baada yake. Asubuhi hiyo wageni huingia na kutoka, kila mmoja huonjeshwa vitamu, na majirani hupelekewa sahani. Basi kitamu kikiharibika usiku wa kuamkia siku hiyo, hapana nafasi ya kufanya kingine, na mwenye nyumba huikumbuka aibu yake kila apigiwapo hodi.

Katika vitamu hivyo tumechagua mohanthali. Vitu vyake ni unga wa dengu usio laini sana vikombe 2, samli kikombe 1, sukari kikombe 1 na robo, maji nusu kikombe, maziwa vijiko 3, iliki, zafarani kidogo, na lozi.

Chukua vijiko 3 vya samli hiyo, uipashe moto, uitie ungani pamoja na maziwa, kisha usugue kwa viganja. Funika kwa nusu saa, halafu uchekeche kwa chekecheo lenye matundu makubwa. Wanaoanza kazi hii hupenda kuiruka hatua hiyo, nao hukosa sana, kwa kuwa hapo ndipo unga ufanyapo punje, na punje ndizo zitafutwazo na ulimi wa Mgujarati. Kisha ukaange unga katika samli iliyobaki, kwa moto mdogo, mwiko usipumzike, hata rangi iwe ya hudhurungi na harufu ijae nyumba. Epua.

Sasa shira. Watu wa pwani yetu waijua kwa kaimati na visheti, lakini Wahindi huipima kwa nyuzi. Chovya tone, lipoe kidogo, ulibane baina ya kidole cha shahada na gumba, uvitenge polepole. Pasipo uzi, shira ni nyepesi, nayo yafaa vidonge vya maziwa viitwavyo gulabu jamuni, maana hivyo huinywa. Uzi mmoja usiokatika upesi ndio wa mohanthali. Ukingoja hata nyuzi zizidi, maji yamekwisha kupungua mno, na sukari itarudi kuwa chembe.

Sisi wenyewe tulipojaribu mara ya kwanza, katika jiko la chuo, tulitazama saa badala ya shira, tukapata sinia ya mchanga mtamu. Samli na sukari ya watu zikapotea. Mama mmoja wa Kihindi, jirani yetu, aliionja akacheka, akasema, “Mwalimu, saa haina vidole.”

Tukamwuliza kama ndimu ingalituokoa, kwani tulimwona akiitia katika shira ya jalebi. Akakataa. Ukali wa ndimu huvunja sehemu ya sukari, ikawa sukari za namna nyingine mbili, nazo huizuia isigande. Jalebi hutaka shira ibakie majimaji; mohanthali haina budi kuganda.

Basi mimina shira ya moto ungani, utie iliki na zafarani, ukoroge hata uzito uanze kuushika mwiko. Hapo usikawie: mwaga katika sinia iliyopakwa samli, nyunyiza lozi, uache saa kadhaa. Alama za vipande zikatwe kingali vuguvugu. Kikipoa kabisa kisu hupasua ovyo.