NG'OMBE WA MAMA HANGOJI MSHAHARA WAKO!

Wewe bishoo na wewe sista du, leo tunaongea habari za ng'ombe. Usigeuze ukurasa! Najua pale Sinza unapopanga hakuna zizi. Lakini kule kwenu Machame, Rombo au Arumeru kuna mama mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa, kuku kumi na mbwa wa kulinda. Ng'ombe akiugua, simu inakuja kwako: "Mwanangu, tuma hela ya daktari." Hapo ndipo longolongo zinapoanza: "Mama, vuta subira, mwisho wa mwezi huu hapa."

Ndugu msomaji, kliniki ya mifugo ya kijijini ina taratibu zake, na watoto wa mjini wengi huziona ni nyodo, au ujanja wa kutuchuna mshiko. Ukizichunguza, karibu zote zinahusu kitu kimoja: muda.

DAKTARI MMOJA, WAGONJWA WA KILA AINA

Mjini unaweza kupata daktari anayeshughulika na mbwa na paka tu. Kijijini mtu ni huyo huyo. Asubuhi anavuta ndama aliyekwama tumboni, mchana anahasi mbwa, jioni anamshona punda aliyechanwa na waya. Kwa hiyo ukimpigia akakwambia "nipo kwenye uzazi, nitachelewa," usimtukane. Utaratibu wao ni kwamba dharura inatangulia, hata kama wewe ulipiga mwanzo.

Na kwa nini unalipia mafuta ya pikipiki? Zamani huduma hizi zilikuwa mikononi mwa serikali. Miaka ya 1990 milango ikafunguliwa kwa watu binafsi, na mfugaji akaanza kulipia mwenyewe. Bei ya kufika ni moja, ya dawa ni nyingine. Uliza zote mbili kabla mtu hajawasha pikipiki, msije mkagombana zizini.

Uliza pia kama amesajiliwa. Kijijini kila mwenye sindano huitwa bwana mifugo, lakini Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka daktari awe amesajiliwa na Baraza la Veterinari. Udaktari wenyewe pale SUA, Morogoro, ni miaka mitano ya darasani. Wapo pia wasaidizi wenye cheti na diploma, nao wanatambuliwa kisheria, ila wana mipaka yao ya kazi. Anayeuza sindano gulioni hayumo humo.

NDIGANA HAINA MSALIE MTUME

Ugonjwa unaowaliza wafugaji wengi ni ndigana kali. Unaletwa na kupe wa kahawia anayependa kujibanza masikioni. Ng'ombe anapata homa, tezi chini ya sikio zinavimba, anaacha kula. Dawa ipo na inaponya, ila iwahi. Akishaanza kuhema kwa shida na kutoa mapovu puani, mara nyingi unakuwa unapoteza hela yako. Ile "subiri Ijumaa" yako ndiyo inayoua.

Chanjo nayo ipo. Ilitengenezwa Muguga, Kenya, miaka ya 1970, na ng'ombe huchanjwa mara moja tu maishani. Kasheshe ni kwamba inatunzwa kwenye mtungi wa naitrojeni, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mrija mmoja ukishafunguliwa unatosha ng'ombe wengi, kama 40 hivi, na lazima uishe ndani ya saa chache. Ndiyo maana kliniki inamwambia mama: "Kusanyeni ng'ombe wa jirani kwanza." Hiyo si dharau jamani. Akimfungulia mama yako peke yake, inayobaki yote inamwagwa.

MAPENZI YA SAA CHACHE

Mbegu za madume bora, zikiwemo za kituo cha taifa cha uhimilishaji kilichopo Usa River, Arusha, nazo hukaa kwenye mtungi huo huo wa baridi. Ng'ombe jike joto lake halifikishi hata siku nzima. Akionekana asubuhi anapanda wenzake au anapandwa huku ametulia, mtaalamu aje jioni. Akionekana jioni, basi kesho yake asubuhi. Mkichelewa, mnangoja siku 21 nyingine. Hesabu mwenyewe: wiki tatu za kulisha bila mimba, na maziwa yanasogea mbele wiki tatu.

KUKU HAPONI KWA RANGI MBILI

Kuna hii staili ya kununua vidonge vya rangi mbili vya binadamu na kuvimwaga kwenye maji ya kuku wenye mdondo. Mdondo unaletwa na kirusi, na rangi mbili haiui kirusi. Kinachosaidia ni chanjo kabla ya ugonjwa kuingia. Ile inayoitwa I-2 inadondoshwa jichoni, tone moja kwa kila kuku, kisha inarudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kichupa kimoja kinatosha kuku wa majirani kadhaa, kwa hiyo hapa napo ni kuchangishana.

Ndiyo maana kliniki nzuri haikuuzii dawa kwa maneno ya kwenye simu. Itataka imwone mnyama, au angalau ipate maelezo ya kueleweka.

MAZIWA YA WIKI HII MWAGA

Ng'ombe akipigwa sindano ya antibiotiki, daktari atataja siku ambazo maziwa hayanywewi wala hayauzwi, na nyama hailiwi. Siku hizo zimeandikwa kwenye chupa ya dawa. Wajanja wanauza hivyo hivyo, halafu mteja anashangaa mtindi umegoma kuganda: dawa imeua vijidudu vinavyogandisha maziwa. Mwenye mzio wa penisilini anaweza kudhurika, na sisi wengine tunafuga mwilini vijidudu sugu. Mishkaki unayotafuna kijiweni Jumamosi ilitoka kwenye zizi la mtu, usisahau.

MBWA AKING'ATA, USIMUUE KWANZA

Hili ni la kufa na kupona. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, kupona ni kama hakuna. Mtu aking'atwa, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Asingoje kuona mbwa atafanya nini.

Mbwa mwenyewe, kama anaweza kufungiwa bila hatari, afungiwe na daktari aitwe. Mbwa aliye mzima huangaliwa siku 10. Akimaliza zote akiwa mzima, ina maana hakuwa na kirusi mateni siku aliyong'ata. Mkimponda mawe na kumtupa korongoni, mmetupa jibu. Na wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100 wa kijiji, ugonjwa unakosa pa kupita. Kwa hiyo siku ya chanjo mbwa wa mama asifichwe uvunguni.

SASA WEWE UFANYEJE?

Kwanza, omba namba ya kliniki ya kwenu, uihifadhi hapo ulipohifadhi ya fundi nywele. Pili, ongea na daktari mapema: akiitwa na mama, aende, wewe utamtumia hela jioni hiyo hiyo. Ukishaahidi, lipa, ukimzungusha mara moja, siku nyingine simu yako haipokelewi. Tatu, tenga kidogo kila mwezi kwa ajili ya chanjo na dawa ya kupe. Bia mbili tu ukizisamehe, kuku wa mama wamechanjwa.

Maziwa ya ng'ombe yule ndiyo yaliyokulipia ada ya shule mpaka ukajua kusoma gazeti hili. Leo usiku mama akikubipu, mpigie.

Tukutane wiki ijayo. Kaa chonjo!