Rafadha ya mapanga yanayogeuka: Uzembe mdogo waweza kuinyima mashua breki

MASHUA ya matanga iliyofungwa injini huwa na mzigo usioonekana chini ya maji. Mzigo huo ni rafadha, ambayo mafundi wengi huiita panga boi. Injini ikifanya kazi, rafadha huisukuma mashua; injini ikizimwa na matanga kutwekwa, mapanga yake hubaki yamekingama majini na kuwa kizuizi.

Hasara yake si ndogo. Mashua inayopunguziwa mwendo kwa nusu maili ya baharini kwa saa itakuwa nyuma kwa maili 12 baada ya safari ya saa 24.

Tatizo hilo lilijulikana tangu karne ya 19. Manowari ya Uingereza, HMS Warrior, iliyoshushwa majini mwaka 1860, ilikuwa na rafadha iliyoinuliwa kutoka majini kwa nguvu za mamia ya mabaharia kila ilipotakiwa kusafiri kwa matanga. Leo mashua nyingi ndogo hutumia rafadha ambayo mapanga yake hugeuka yenyewe, bila kuinuliwa.

Ndani ya kitovu cha rafadha hiyo mna gia ndogo zilizoshikana na shina la kila panga. Injini inapozungusha shafti, gia hizo huyageuza mapanga hadi kufikia pembe ya kusukuma maji. Shafti ikisimama huku mashua ingali inakwenda, maji yenyewe huyalaza mapanga, ukingo ukitangulia kama kisu.

Faida ya pili huonekana bandarini. Rafadha ya kawaida imeundwa hasa kwa ajili ya kwenda mbele, hivyo husukuma kwa udhaifu mashua inaporudi nyuma. Aina hii huyageuza mapanga ili ukingo uleule utangulie katika gia ya nyuma pia. Kwa kuwa mashua haina breki, nguvu hiyo ndiyo huisimamisha kabla ya kugonga gati au chombo kingine.

Hata hivyo, manufaa hayo hutegemea matumizi sahihi. Kosa la kawaida ni nahodha kutoa gia kwanza, ndipo azime injini. Shafti ikiachwa huru, maji huendelea kuizungusha na mapanga yanaweza yasilale.

Kwa aina nyingi, utaratibu ni kupunguza mwendo hadi maili mbili au tatu kwa saa, kisha kuzima injini huku gia ya mbele ikiwa bado imeingizwa. Iwapo shafti itaendelea kuzunguka, gia ya nyuma huingizwa ili kuishika. Sanduku la gia linalotumia presha ya mafuta kwa kawaida haliwezi kuishika shafti injini ikiwa imezimwa, hivyo huhitaji kifaa maalumu cha kuifunga. Kifaa hicho sharti kifunguliwe, na gia itolewe, kabla ya kuwasha injini tena.

Aidha, kubadili gia kutoka mbele kwenda nyuma kufanywe injini ikizunguka polepole. Mapanga hugeuka kwa mshindo, na mshindo mkubwa huumiza gia zilizo ndani ya kitovu.

Kwa upande wa utunzaji, adui mkubwa ni chaza na viumbe wengine wanaonata. Katika maji ya joto, kama yale ya pwani ya Afrika Mashariki, viumbe hao huota haraka kwenye mashua iliyotia nanga kwa wiki kadhaa. Mapanga yakigandishwa, huenda yasifunguke wakati nahodha anapoihitaji mno gia ya nyuma. Jaribio rahisi ni kuingiza gia ya mbele, kisha ya nyuma, mashua ikiwa bado imefungwa, na kuhakikisha kuwa inavuta kamba pande zote mbili.

Mashua inapopandishwa chelezoni, kitovu hujazwa grisi isiyoyeyuka majini, ya aina iliyotajwa na mtengenezaji. Mapanga hutikiswa kwa mkono. Yakilegea kupita kiasi, gia zimelika. Kipande cha zinki kilichofungwa kwenye kitovu hubadilishwa kinapobaki nusu, wala hakipakwi rangi, kwani kazi yake ni kuliwa na chumvi badala ya shaba. Shaba ikianza kuonyesha rangi ya waridi, ni dalili kuwa madini yake yanaliwa na inapoteza uimara.

Vilevile, injini ikishindwa kufikia mizunguko yake ya juu, huenda pembe ya mapanga ni kubwa mno au rafadha ni chafu. Usafi ukaguliwe kwanza, kabla ya kumwita fundi kurekebisha pembe.

Rafadha ya namna hii ni ghali kuliko ile ya kawaida. Mwenye mashua asiyekuwa tayari kuikagua walau mara moja kwa mwaka ni afadhali abaki na ile isiyogeuka: itampunguzia mwendo baharini, lakini haitamwacha bila breki bandarini kwa sababu ya mapanga yaliyoganda.