Fedha ya Safari Humegwa Inapobadilishwa
Mfanyabiashara wa Kikuyu, Dodoma, anayejiandaa kwenda Dubai kufuata mzigo wa duka, huuliza kwanza: leo dola ni shilingi ngapi? Swali hilo haliepukiki, ila bei ya siku haipangi yeye. Analoweza kupanga ni mara ngapi fedha yake itabadilishwa kabla ya kumfikia muuzaji wa Deira, huko huko Dubai, na hapo ndipo hasara nyingi za safari huanzia.

Ubao wa duka la fedha za kigeni una bei mbili, ya kununua na ya kuuza, na riziki ya mwenye duka imo katikati yake. Tuseme anauza dola kwa shilingi 2,600 na kuinunua kwa 2,500. Anayechukua dola 1,000, kisha safari ikaahirishwa akazirudisha siku hiyo hiyo, ameshapoteza shilingi 100,000 bila kununua hata soksi. Kwa hiyo dola za ziada zinazobebwa "kwa tahadhari" zina gharama yake, na sasa gharama hiyo ni vigumu kuikwepa. Zamani dola iliyobaki ingeweza kulipia kodi ya pango hapa nchini. Kanuni za Machi 2025 zimepiga marufuku kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, hivyo salio hurudi dukani na kumegwa tena.

Je, abebe dola au dirhamu? Dirhamu ya Falme za Kiarabu imefungwa kwenye dola tangu 1997, dirhamu 3.6725 kwa dola moja. Riyali ya Saudia, wanayoihitaji mahujaji wetu, imekaa kwenye 3.75 tangu 1986. Mwenye dola mkononi basi hana haja ya kuhofia kwamba bei itamgeuka akiwa angani. Abadilishe kidogo kidogo kadiri anavyotumia, tena mjini, ambako maduka yanagombea wateja, si kwenye dirisha la kwanza uwanja wa ndege. China ni habari nyingine: yuan hupanda na kushuka, na hata kibanda cha supu Guangzhou hulipwa kwa simu. Tangu 2023 mgeni anaweza kuunganisha kadi ya benki ya kwao na Alipay au WeChat, na mwaka 2024 kikomo cha malipo ya mara moja kilipandishwa kutoka dola 1,000 hadi 5,000.

Wapo watakaosema kadi inakata sana, bora noti. Ni kweli inakata, lakini noti ikiibwa imekwenda, na kadi hufungwa kwa simu moja. Makato yenyewe yanadhibitika. Benki ikitoza kiasi kile kile kila unapotoa fedha, kutoa mara moja kwa wiki ni nafuu kuliko kutoa kila jioni. Na mashine ya dukani ikikuuliza kama ulipe kwa shilingi au dirhamu, chagua dirhamu. Shilingi inavutia kwa kuwa tumeizoea, lakini ukiichagua, bei ya kubadilisha inapangwa na upande wa mwenye mashine, na mara nyingi ni mbaya kuliko ya benki yako.

Hoja nzito zaidi ni ya soko la mtaani. Dola zilipoadimika 2023 na 2024, wengi walizipata huko, na siwezi kusema hawakuwa na shida. Lakini muuzaji wa kichochoroni hatoi risiti, na noti bandia huna pa kuirudisha. Hata kwa wenye leseni, kagua kila noti kabla ya kuondoka dirishani: dola za zamani zenye picha ndogo, ingawa Marekani bado inazitambua, hukataliwa au hupunjwa bei katika maduka mengi. Anayebeba dola 10,000 au zaidi azitangaze forodhani. Na siku ya mwisho Deira, sarafu za chuma zitumike kwanza, kwa sababu duka la fedha halizipokei, kisha dirhamu zilizobaki zilipie sehemu ya hoteli na kadi imalizie.